Mzee Mbaruku na Mkeka wa Posa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, kaeni vizuri. Aliyekaa upande nimemwona, lakini simsemi.

Hapo zamani za kale, kabla nyanya yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na msuka mikeka, Mzee Mbaruku. Mikeka yake ilisifiwa mbali, ila yeye mwenyewe haketi mkekani. Msibani, amesimama. Anakula, amesimama. Anasuka, amepiga magoti. Watu wakasema, wee, wakasema! "Ana kiburi." "Ana jini." Mimi sikuwepo, lakini ningekuwepo ningesema pia.

Ukweli aliujua yeye na ukuta wa choo chake. Mzee Mbaruku alikuwa na bawasiri. Kinyama kimetokeza pale pa kutokea haja, kinawasha, kinauma, kikikasirika kinatoa damu. Naye kwa kuogopa choo akaacha kula. Kipande cha muhogo mkavu, maji funda moja, basi. Alidhani asipoingiza kitu, hakitatoka kitu. Kumbe choo kikawa kigumu kama kokwa. Akienda ni kukamua, hhhn! hhhn! Na damu: to, to, to.

Sasa, Mbaruku alikuwa na binti, Mwanahija, na Mwanahija akaposwa na kijana anayempenda. Desturi yao ilikuwa hii: mshenga huwasha udi kwenye chetezo, baba wa binti huketi mkekani, haondoki mpaka moshi wa mwisho upotee. Akiinuka, amekataa.

Mshenga akaja. Udi ukafuka, fuu, fuu. Mbaruku akaketi. Jasho likamtoka, chururu! Udi haujafika nusu, huyoo, kasimama.

"Mzee, umetukataa?"

"Sijakataa."

"Basi keti."

Hakuketi. Mara ya pili, vilevile. Mshenga akabeba chetezo chake. "Tutarudi mwezi ukiandama. Hiyo ndiyo ya mwisho."

Mwanahija akalia mpaka macho yakavimba. "Baba, nimekukosea nini?"

Mbaruku akamtazama mwanawe. Akatoka nje, anatembea taratibu, mguu huku, mguu kule. Akapita barazani kwa Bi Mwanamvua, mkunga, aliyekipokea kijiji kizima kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbaruku, umejifungua lini?"

"Bibi!"

"Mwendo huo naujua. Wanawake wangapi nimewaona wanatembea hivyo wakishazaa! Una kinyama huko nyuma."

"Bibi, watu watasikia!"

"Unamwonea haya nani? Makalio hayo mimi ndiye wa kwanza kuyaona duniani. Niliyapiga kofi, ukalia."

Mbaruku akalia tena.

Bi Mwanamvua akatoa beseni la shaba. "Maji ya vuguvugu, yasiunguze. Kaa humo asubuhi, adhuhuri, jioni, na kila utokapo chooni. Na ule!"

"Nile nini?"

"Papai. Mchicha. Uji wa mtama na pumba zake. Maji unywe kama ng'ombe. Haja ikikuita, itikia. Isipokuita, usiende kuibembeleza. Na usikamue!"

Siku ya tatu choo kikalainika. Siku ya saba maumivu yakapungua. Lakini damu: to, to, to.

Mbaruku akangoja apewe mizizi. Bi Mwanamvua akafunga kapu lake la dawa.

"Mwanangu, hapa mimi nimefika mwisho. Damu isiyokoma huenda ina jambo lingine ndani, na macho yangu hayafiki huko. Ng'ambo ya mto yuko tabibu. Twende."

Mbaruku akamkodolea macho. Tangu azaliwe hajasikia mkubwa akisema amefika mwisho. Waganga wangapi wangemlisha mizizi mpaka kaburini!

"Atanichungulia?"

"Atakuchungulia. Nitakushika mkono."

Bibi yule, mgongo umepinda, akatembea naye mpaka ng'ambo. Tabibu akachungulia, akapima kwa kidole. "Ni bawasiri, hakuna kingine." Akakifunga kinyama kwa uzi, akaukaza, kinyauke, kidondoke. Na Bi Mwanamvua? Alikuwa ameinama karibu, anatazama kama mwanafunzi. "Rudia, tabibu. Nionyeshe ulivyofunga."

Damu ikakoma.

Mwezi ukaandama. Mshenga akaja, na kijiji kizima nyuma yake kuja kuchungulia. Udi ukafuka, fuu, fuu. Nusu: Mbaruku yupo. Imebaki robo: Mbaruku yupo. Uzi wa mwisho wa moshi ukapanda, ukapotea.

"Mzee, umekubali. Inuka sasa."

"Niacheni kidogo," akasema Mbaruku, machozi yanamtoka. "Miaka mitatu sijaketi kwa raha. Nilikuwa na bawasiri. Bi Mwanamvua ameniponya, na pale alipofika mwisho, akanipeleka kwa anayejua zaidi."

Vigelegele vya Mwanahija vikafika ng'ambo ya mto.

Kesho yake asubuhi, barazani kwa Bi Mwanamvua: wanaume tisa. Wote wamesimama. Niwataje? Wazao wao mmo humu humu.

Basi wanangu, ugonjwa wa mahali pa siri ni ugonjwa kama mwingine. Useme mapema. Na wewe mjuzi, pale usipojua, sema hivyo hivyo.

Hadithi yangu imefika hapo, imeketi mkekani. Asiyeweza kuketi, aje aninong'oneze.