Uso wa Mwongoza Kwaya

Mbachao ni mkeka uliochakaa. Msala upitao ni mkeka mzuri, lakini wa mpita njia. Ezechiel aliijua methali hiyo tangu shuleni Uvira, ila kujua si kutenda.

Kibanda chake cha kunakili filamu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kilikuwa kimemchosha hadi mifupani. Siku hiyo Mama Antoinette alimletea DVD ya kwaya iliyokuwa ikibanduka kama ganda la muhogo. Alitaka iingie kwenye flashi ndogo.

"Mwanangu, ile menyu ya kuchagua nyimbo usiitoe," alisihi. "Bwana yangu njo alikuwa anaongoza kwaya. Mu nyimbo yote anatupatia mugongo. Mu menyu tu njo anageuka, anacheka, anatusalimia. Picha zake zingine ziliungua na nyumba."

"Usiogope, mama. Menyu itabakia."

DVD ilikwaruza, ikakubali kunakiliwa nzima kwenye kompyuta. Lakini kuibana ienee kwenye flashi bila kuvunja menyu ni kazi ya kutwa, na kila umeme ulipokatika Ezechiel alianza upya. Kompyuta ilijaa pomoni, na filamu mpya alizozifuata Old Town, Lilongwe, zilikosa pa kukaa. Uchovu ukamshauri vibaya. Alichukua programu ya haraka, ikabana nyimbo peke yake, zikatoka safi. "Menyu nitainakili kesho kutoka kwenye DVD yenyewe," alijisemea, akafuta nakala nzima kupisha filamu.

Kesho yake DVD haikusoma. Aliipangusa, akaipuliza, wapi! Akapanda minibasi hadi Old Town. Fundi aliiinua juani, mwanga ukapenya pale utando ulipobanduka.

"Pepani, achimwene," alimpa pole kwa Kichewa.

Aliporudi alimkuta Mama Antoinette kibandani, amevaa kitenge chake cha kanisa. Ezechiel akachomeka flashi kwenye kompyuta. Kwaya ikaimba, mgongo wa mwongozaji ukayumba huku na huku. Mama alitazama hadi wimbo wa mwisho ulipokwisha na kioo kikawa cheusi.

"Sasa atageuka saa ngapi?" aliuliza.

Ezechiel alimrudishia DVD iliyobanduka, akamwambia menyu imepotea. Filamu za Old Town, ambazo kila kibanda kambini kilikuwa nazo, bado zilikuwa zinangoja wateja.

Usiache mbachao kwa msala upitao.