Kitanda Kimoja cha Bwenini

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye simu iweke chini, haikimbii. Hadithi hii mlango wa kuingilia ninao, wa kutokea sina. Tukifika mwisho mtanitafutia ninyi.

Huko Tabora alikuwepo mwalimu wa mpira wa kikapu, jina lake Nyamizi. Mwenyewe aliucheza mpaka goti likamkatalia, akabaki kufundisha timu ya wasichana wa chuo cha ualimu. Wasichana kumi na mmoja, na kelele zao. Mwaka uliopita walifika fainali wakafungwa kwa pointi moja. Tangu siku hiyo Nyamizi akipika ugali unaungua, akiulizwa hili anajibu lile. Moyoni anaitafuta ile pointi.

Na alijua ilikopotelea. Mpira ukigonga chuma cha kikapu ukarudi, waliudaka wapinzani. Ukidakwa na wake, aliyeudaka hampi mtu, kila mmoja anataka afunge yeye. Na walipopewa mitupo ya bure dakika ya mwisho, mikono ikawatetemeka kama wana homa.

Sasa mkuu wa chuo akamwita. Akamwambia bwenini kimebaki kitanda kimoja tu, alete mchezaji mmoja, ada chuo kitabeba, na siku ya kuwajaribu wachezaji jina alipate kabla ya saa kumi jioni.

Wakaja wasichana watatu. Wote wamemaliza kidato cha nne, wote wamekaa nyumbani mwaka wa pili kwa kukosa ada. Njia nyingine ya kusoma hawana, ya kila mmoja ni hiyo hapo.

Wa kwanza Kalunde. Mfupi, ukimwona utasema amekuja kuokota mipira. Mama yake haoni, na kazi yao nyumbani ni kubangua karanga. Punje ikidondoka sakafuni, mama na mwana wanasikiliza tu, wanajua imekimbilia wapi. Basi Kalunde akaingia uwanjani na masikio hayo. Mpira ukigonga chuma, kwa mlio ule ule anajua utaangukia upande gani, na miguu imeshatangulia. Warefu wanaruka, wanashuka mikono mitupu. Lakini mwambie afunge yeye, hata hatua mbili kutoka kwenye kikapu, utacheka.

Wa pili Wande, mchunga mbuzi. Mbuzi arobaini na wewe uko peke yako, usipojua yupi anataka kuingia shamba la watu kabla mwenyewe hajataka, jioni utashtakiwa. Macho yake yamezoea hivyo. Uwanjani anakuona unakokwenda na wewe bado unafikiria. Ila mbio hana. Anatembea kama amejitwika ndoo, na maneno kwake ni ya kuvuta kwa kamba.

Wa tatu, Mwavita. Huyo alikuwa saidia fundi kwenye majengo. Fundi yuko juu ghorofani, Mwavita yuko chini anamrushia tofali, moja moja, kutwa nzima. Likipungua nguvu linarudi kichwani kwako, likizidi linamvunja fundi meno. Mkono wa namna hiyo hautetemeki kwa sababu ya watu kupiga makofi. Basi mpe mpira, usiwe na wasiwasi. Usipompa, atasimama pale kama nguzo ya umeme, na mdomo hafungi.

Nyamizi aliwatazama wakipasha miguu moto, akawapenda wote, na hapo ndipo alipoponzwa na ulimi wake. Akawapanga watatu wale pamoja na wawili wa benchi, wacheze na watano wake wakubwa, wa nahodha Zaituni. Akasema kwa sauti, mbele ya timu, mbele ya wapishi wa chuo waliotoka kutazama, mbele ya mama yake Kalunde aliyeletwa akakalishwa kwenye kigoda:

"Atakayenishindia mechi hii, ndiye nitakayemwandika."

Alidhani atajitokeza mmoja. Mwalimu mzima, na hakuwaza kingine.

Wakacheza. Zaituni na wenzake wakaongoza, wageni wakawafuata, mpaka ikabaki nusu dakika na Zaituni anaongoza kwa pointi moja. Pointi moja ile ile. Nyamizi filimbi ikamkauka mdomoni.

Zaituni akatupa. Mpira ukagonga chuma, ngwii, na kabla haujaanza kushuka Kalunde ameshageuka. Akapenya chini ya makwapa ya warefu wawili, akaudaka, akaukumbatia kama mtoto wa watu.

Akampa Wande. Wande mbele yake ana wenzake wawili walio wazi, wanapunga mikono, wanaita. Hakuwapa hao. Akautupa kwenye kona ambako hapakuwa na mtu. Wapishi wakaguna. Kumbe Mwavita alikuwa ameshaanza kwenda kwenye kona ile, na mpira ukamkuta anafika.

Mwavita akaurusha juu kama alivyomrushia fundi, na Zaituni amemrukia usoni. 

"Haukugusa chuma," akasema mama Kalunde kutoka kwenye kigoda. "Umepita katikati. Nani huyo?"

Filimbi ikalia. Wageni wameshinda.

Sasa hapo ndipo yalipoanza. Zaituni akasema hakuna cha kujadili, aliyefunga ndiye aliyeshinda, aandikwe Mwavita watu wakale. Mwavita akaanza kufungua kamba za viatu kwa maringo, utadhani bwenini ameshatandika.

"Mwavita," Kalunde akamwambia, "mkono wako ulikuwa umeshika nini kabla sijauleta huo mpira? Upepo?"

"Na wewe ungeufanyia nini, ndugu yangu? Ungekwenda nao nyumbani ukaubangue?"

Hata Zaituni aliyefungwa akacheka. Wande peke yake hakucheka. Alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu, na Nyamizi akamuuliza kama yeye hana la kusema.

"Wazi walikuwa wawili, mwalimu," Wande akasema. "Ningewapa hao tungefungwa. Nilichagua."

Akarudi kuchora.

Nyamizi akachechemea na goti lake mpaka kwa mkuu wa chuo, akamwomba vitanda vitatu. Akaambiwa kimoja. Akaomba walale wawili kitanda kimoja. Akaambiwa mwalimu, kitanda kimoja, jina moja, na saa tisa na nusu imeshapita. Akapewa karatasi na kalamu.

Alivyorudi aliwakuta wote watatu wamechuchumaa kwa mama Kalunde, wanagawiwa karanga, punje kwa punje, hakuna aliyepunjwa. Maneno yalikuwa yamewaisha. Walimwona na karatasi, wakaacha kutafuna.

Akakaa kwenye ngazi. Akimwandika Kalunde, mipira itadakwa yote, na watakaoipokea ni wale wale wachoyo, wale wale wenye mikono ya homa. Akimwandika Wande, huenda akawafundisha wenzake kupeana. Lakini kwenye mashindano kuna wenye mbio, na yeye anatembea na ndoo yake kichwani. Na Mwavita je? Mitupo ya bure hataikosa hata mmoja, sawa. Ila nani kwenye timu ile atampelekea mpira? Na neno alilitamka mwenyewe, watu wakalisikia: atakayenishindia. Akawatazama tena. Wawili kati ya hawa jioni hii wanarudi kwenye mbuzi, kwenye tofali, kwenye karanga, na ni yeye atakayewarudisha.

Akaishusha kalamu mpaka karibu na karatasi.

Mama Kalunde akageuza sikio lake upande wa ngazi.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "saa kumi inakaribia. Na kalamu yako bado sijaisikia."

Basi wajukuu zangu, kalamu iko hapo, haijagusa karatasi. Mmoja aliuleta mpira, mmoja alijua pa kuupeleka, mmoja aliutia. Timu ina matundu matatu, kiraka ni kimoja. Nyamizi ameshindwa, na mimi nimeishia hapo hapo alipoishia yeye.

Wewe hapo, usimtazame mwenzako. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungemwandika nani? Na hao wawili waliobaki ungewaambia nini, usoni kwao, mdomoni bado wana karanga?