Ngiri na Mlango wa Chekechea

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma mmeitika kama mliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Mbugani walikuwa na chekechea moja tu, ya Mwalimu Kanga. Paa likaoza. Likaoza, likaoza, siku moja likaanguka, puu! Watoto wakarudi makwao. Wakawa wanashinda malishoni wakifuata mikia ya mama zao, hawajui moja wala mbili.

Mwalimu Kanga akapiga debe, ti-ti-ti! Wanyama wakaja. Tembo akabeba nguzo. Nyati akakanyaga udongo, chwa! chwa! chwa! Twiga akaezeka nyasi bila ngazi.

"Mlango na mabenchi niachieni mimi," akasema Ngiri. "Nimejenga nyumba saba mimi!"

Wakatazamana. Nyumba zote za Ngiri zilichimbwa na Muhanga, yeye alihamia tu. Muhanga mwenyewe alikuwepo, akakohoa kidogo. Lakini nani angembishia? Kitindamimba wa Ngiri, Kiduchu, alikuwa anaanza chekechea. Ngiri hakusoma hata siku moja, na alitaka mwanawe asome. Alitaka sana.

Akaning'iniza jamvi mlangoni. "Hakuna kuchungulia mpaka siku ya ufunguzi!"

"Ndugu yangu, nikuonyeshe watoto wanavyokaa?" akauliza Mwalimu Kanga.

"Mwalimu, wewe utafundisha. Hii kazi ya mafundi."

Siku ya ufunguzi ikafika. Ngoma, du-du-du! Vigelegele! Mawingu ya masika yameshatanda. Ngiri akavuta jamvi, akatunisha kifua.

"Watoto, geukeni! Ingieni kinyumenyume!"

Ngiri mnamjua. Kwake huingia kwa makalio kwanza, ili meno yabaki yakitazama nje, adui akija amkute tayari. Basi na mlango wa chekechea akaujenga vivyo hivyo: mwembamba, mfupi, unateremka. Na mabenchi yote yanatazama mlangoni.

Watoto wakaingia kinyumenyume. Pu! Mtoto wa Digidigi akamkalia mtoto wa Sungura. Pu! Mtoto wa Sungura akamkalia mtoto wa Nyani. Waliofanikiwa kukaa wakampa visogo Mwalimu Kanga, aliyesimama ndani kabisa. "Hamjambo?" akasema mwalimu, akiiambia mikia.

Vilio vikaanza. "Mama! Mama!" Mama Digidigi akamchomoa wake. Mama Nyani akamchomoa wake.

"Tutarudi mvua zikiisha," wakasema.

Mwalimu Kanga akafumba macho. Alijua hawatarudi. Mtoto akishazoea malishoni, ndiyo basi tena.

Ngiri naye akajua. Akasimama pale mlangoni, masikio yameanguka. Mara akasikia sauti ndogo kutoka ndani:

"Baba, simwoni mwalimu."

Neno likamkaa Ngiri kooni. Likapanda, likashuka. Likapanda tena. Jamani, kuna maneno mazito!

"Nimekosea," akasema.

"Umesemaje?" akauliza Muhanga, ambaye alikuwa amesikia vizuri kabisa.

"Nimekosea! Nisaidieni, ndugu zangu. Msiondoke."

Na hakuna aliyeondoka. Tembo akausukuma ukuta kidogo tu, mlango ukapanuka. Muhanga akasawazisha sakafu, fya! fya! fya! Mama Digidigi na Mama Nyani wakawatua watoto, wakageuza mabenchi, huku wakimcheka fundi waziwazi. Jua halijafika utosini, watoto wakaingia upya, nyuso mbele. Mwalimu Kanga akayaona macho yao yote. Alifurahi hata machozi yakamtoka.

Akafundisha mpaka mchana. Mwisho akauliza, "Haya, leo tumejifunza nini?"

Kiduchu akanyoosha mguu juu kabisa. "Baba yangu anajua kusema amekosea!"

Mbuga nzima ikacheka. Ngiri akainamisha kichwa, kisha akacheka kuliko wote.

Basi wenzangu, wakubwa kwa wadogo: nyumba ya watoto hujengwa na kijiji kizima, na anayejenga hana budi kuuliza. Ukimjengea mtoto, pima kwa mtoto. Usipime kwa makalio yako.

Hadithi yangu imefika, imekaa. Nanyi mliokaa, inukeni.