Picha Iliyogoma Kushuka na Kaburi Lililokuwa Wazi

Hapo zamani, wala si zamani zile za sungura kusema. Ni zamani za juzi tu, simu ndizo zilizokuwa zikisema, na zikitaka zinanyamaza. Tegeni masikio, maana mwisho wa kisa hiki mimi siujui. Ninyi ndio mtakaonisaidia.

Katika kijiji cha Mrimbweni, juu milimani, aliishi mwanamke aitwaye Nakunda. Mumewe, Mbazi, alikuwa mchimba madini mbali sana. Siku moja habari zikapanda mlima: shimo limeingia maji, wachimbaji wamezama, miili haionekani. Wakapiga simu ya Mbazi, haipatikani. Wakangoja. Wakapiga tena, haipatikani. Wakangoja mpaka wazee wa ukoo wakasema basi, sasa tuzike.

Na kijijini hapo, mtu aliyepotelea mbali huzikwa mgomba badala yake. Hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa sanda, ukalazwa kaburini. Ukishafukiwa, mtu huyo amekufa. Hata akirudi kwa miguu yake hapokewi mlangoni. Mkewe si mkewe tena, na shamba lake ni la ndugu yake. Ndiyo mila, msinitolee macho mimi.

Basi siku ya maziko, majembe yakiwa kazini huko migombani, simu ya Bi Niwaeli, mama yake Mbazi, ikalia. Ni ujumbe wa picha, kutoka namba ngeni. Moyo wa Nakunda ukaruka, kwa kuwa namba ya mama yake ndiyo pekee Mbazi aliyokuwa nayo kichwani. Nakunda akaichukua simu, akagusa palipoandikwa "gusa kupakua". Duara likazunguka, likazunguka, likakoma. Picha haikushuka.

Wakaipigia ile namba. Haipatikani.

"Labda ni rambirambi," akasema mzee wa ukoo. "Au ni picha ya maiti yenyewe. Jua halimngoji mtu. Chimbeni!"

Nakunda alikuwa na mimba pevu. Alishika nguzo ya baraza, akapaza sauti mbele ya waombolezaji wote: "Atakayeniwezesha kuiona picha hii kabla mgomba haujafukiwa, mtoto huyu ataitwa jina lake, awe wa kike, awe wa kiume!"

Simu ikaleta maneno: nafasi imejaa. Senzia, mdogo wake Mbazi, aliyeizoea simu hiyo, akaikagua akatikisa kichwa. "Mama, kilichojaza ni ile video ya baba."

Mnaijua video hiyo? Marehemu mume wa Bi Niwaeli anapalilia maharage huku akiimba. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote duniani, na mjane wake hakulala bila kuisikia. Mama wa watu aliitazama simu. "Baba Mbazi, nisamehe," akasema, akaifuta kwa kidole chake mwenyewe.

Nakunda akagusa. Duara likazunguka, likazunguka, likakoma. Picha haikushuka.

Majembe yakanyamaza. Kaburi tayari. Wanaume wakaunyanyua mgomba mabegani, na Nakunda akahisi mtoto amejikunja tumboni.

Hapo Kangero, mmoja wa wachimba kaburi, mtu asiye na udugu wowote na nyumba hiyo, akajitupa kaburini akalala chali. "Mgomba hauingii mpaka picha ishuke!"

Wanawake wakapiga yowe. Husemwa kwamba alalaye katika kaburi la mwenzake, kaburi hilo litamdai.

"Toka, Kangero, unajitafutia kifo!"

"Sitoki, mzee. Mkiona vyema, tufukieni wote wawili, mimi na mgomba."

Nakunda akagusa. Duara likazunguka, likazunguka, likakoma. Mzee akawaamuru vijana wamtoe Kangero kwa nguvu, nao wakaanza kumvuta mikono.

Nakunda akamgeukia shemeji yake. Senzia alikuwa anatoka jasho, hatazami simu, anatazama shamba la kaka yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lete, shemeji. Data nilizima mimi, video za kwaya zisimalize bando la mama. Ikiwa imezimwa, taarifa ya picha huingia kama meseji, lakini picha yenyewe haishuki hata ulie machozi ya damu."

Akaiwasha kwa mguso mmoja tu.

Nakunda akagusa. Duara likazunguka, likazunguka, na picha ikafunguka. Mbazi yuko kitandani hospitalini, mguu una plasta, ametoa kidole gumba juu. Chini pameandikwa: "Mama nipo hai. Simu yangu ilizama, hii ni ya kuazima. Mwambie Nakunda."

Lo! Nakunda alilia, akacheka, akalia tena. Mgomba walipewa ng'ombe, wakala na sanda yake.

Mbazi akarudi na magongo, na mtoto akazaliwa, wa kike. Mrimbweni mtoto hupewa jina kabla kitovu hakijadondoka, na jina ni moja tu. Ndipo watatu wakaja.

Bi Niwaeli akasema: "Mimi nimemzika mume wangu mara mbili. Nafasi isingepatikana bila mimi."

Senzia akasema: "Ningenyamaza kidogo tu, shamba lingekuwa langu. Nilisema, na aliyeifungua picha ni mimi."

"Baada ya kuifunga wewe!" akafoka Kangero, ambaye tangu siku ile homa haimwachi. "Wewe mama ulimwokoa mwanao, nani asiyemwokoa mwanawe? Mimi sikuwa na langu pale. Nisingelala kaburini, picha ingeshuka mgomba umeshafukiwa."

"Lakini simu hukuigusa," akajibu Senzia.

Nakunda akamtazama mumewe. Mbazi akainamisha kichwa: "Ahadi ni yako, mama watoto."

Akamfunua mwanawe. Kitovu kimeshakauka, kinaning'inia kwa uzi. Jina moja litawaacha wawili na donge moyoni, na kijiji ni kilekile.

Haya, semeni upesi, kabla hakijadondoka. Je, mtoto huyu aitwe nani?