Mrututu kwenye Shamba la Mwanamvua

Amfukuzaye mlinzi asimlaumu mwizi. Mmeisikia sokoni leo, mkacheka mpaka mkashika mbavu, na sasa mnauliza ilikotoka. Haya, kaeni. Asiyetaka kukaa asimame, mradi asikatize. Methali hii ilianza hivi.

Katika bonde moja la milima ya Usambara, wanakolima pilipili hoho kwa maji ya mfereji, aliishi mjane aitwaye Mwanamvua. Mumewe alimwachia shamba, chini kidogo ya shamba la Shekulwavu, mdogo wa marehemu. Kumwachia ni kusema tu. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na desturi ya bonde lile ilikuwa kwamba mjane akishindwa kulivuna shamba misimu miwili mfululizo, wazee humpa mwingine wa ukoo. Yeye hurudi kwao na furushi lake. Watoto hubaki, maana nao wanahesabiwa kuwa wa ukoo.

Msimu wa kwanza mnyauko ulimaliza hoho zake zote. Ugonjwa ule hauna adabu. Asubuhi mche umesimama wima, adhuhuri majani yameinama yangali mabichi, na ukiuona umekwisha kuchelewa. Mwanamvua akabakiwa na msimu mmoja, na kila alipowatazama wanawe wakila, aliwasogezea na sahani yake.

Ndipo bibi shamba alipoita mkutano. Watu walikwenda, na Shekulwavu alikaa mbele kabisa. Bibi shamba akawaonyesha unga wa kijivu wa kuchanganya na mboji, akasema ndani yake mna vijidudu wema, wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokaa kwenye mizizi ya hoho na kuwazuia wale wa mnyauko wasiingie.

"Hawa ni walinzi, lakini wako hai," akasema. "Wanakula, wanataka unyevu. Ukimwaga dawa kali udongoni, utawaua wao kwanza."

Mwanamvua alichukua unga ule, akaukoroga na mboji yake, akatia konzi moja katika kila shimo kabla ya kupanda. Majirani walimcheka, ati mjane amekosa mbuzi, sasa anafuga wadudu. Yeye akaendelea kupalilia. Na hoho zikakubali, nyie! Zikanawiri, zikatoa maua, vitunda vikaanza kuvimba. Kule juu kwa Shekulwavu mnyauko ulikuwa unafyeka. Aling'oa miche iliyokufa akaitupa mferejini, na maji ya mfereji ule yalishuka moja kwa moja kwa shemeji yake.

Siku moja Mwanamvua akaona mche mmoja wa pembeni umeinama. Ni kiwavi tu aliyekuwa ametafuna shina, wala haukuwa mnyauko. Angefukua kidogo angemwona. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka hana muda wa kukagua kamba. Alisimama pale mikono kichwani, na Shekulwavu akamkuta hivyo.

"Mmoja akiinama, wote wanafuata, shemeji," akasema. "Mwaga mrututu shamba zima. Mimi ninao, nitakuletea."

Mrututu ni ile dawa ya buluu waliyokuwa wakinyunyizia kahawa tangu enzi za babu zao. Watu wa bonde lile waliuamini kuliko mganga. Mche ukiugua, wao hukoroga mrututu na kuumwaga shinani, na dawa isiyowasha mikono kwao si dawa.

"Bibi shamba alikataza," Mwanamvua akasema.

"Bibi shamba ana shamba hapa? Hizi hoho zikifa, yeye ndiye atakayekulelea watoto?"

Neno watoto lilimmaliza ubishi. Alimwaga mrututu shina kwa shina, mpaka udongo ukageuka rangi. Siku zilizofuata hakuna mche mwingine ulioinama, na yeye, maskini ya Mungu, akapika makande akampelekea shemeji yake kwa shukrani. Shekulwavu alikula akalamba vidole.

Kisha maji ya mfereji yakaleta kile kilichotupwa kule juu. Mnyauko ukaingia shambani, haukukuta wa kuuzuia. Hoho zilianguka mstari kwa mstari, vitunda vikiwa bado vichanga.

Bibi shamba alipokuja alichimbua udongo, akauona ubuluu, akakaa chini.

"Mama, nani alikwambia umwage hii?"

"Shemeji yangu. Alinionea huruma. Hakujua."

"Hakujua vipi? Siku ile si alikaa mbele? Tena aliniuliza mara mbili ni dawa gani inayowaua hawa, nikamtajia mrututu."

Mwanamvua hakulia. Alikwenda kwenye kikao cha ukoo, akasimama mbele ya wazee akaeleza yote: miche iliyotupwa mferejini, mrututu, na swali la shemeji yake mkutanoni. Wazee wakamgeukia Shekulwavu.

Shekulwavu alitabasamu. "Mimi nilitoa dawa, mkono uliomwaga ni wake," akasema. "Alikuwa na walinzi wake, akawaua mwenyewe. Amfukuzaye mlinzi asimlaumu mwizi."

Wazee waliangua kicheko. Waliona ni neno tamu, lina akili, na wakalirudia wakipokezana. Walipochoka kucheka wakampa Shekulwavu shamba. Mwanamvua akarudi kwao na furushi lake, na wanawe wakabaki kwa baba yao mdogo, wakipalilia hoho zake.

Neno lile likashuka bonde, likafika sokoni, na ninyi leo mmelicheka kama walivyolicheka wale. Ni la kweli, sikatai. Aliyewaua walinzi wake alikuwa Mwanamvua, na alilijua hilo mpaka anaingia kaburini. Lakini mnapolitamka, mjue na aliyelitamka kwanza. Amfukuzaye mlinzi asimlaumu mwizi: hivyo ndivyo alivyosema mwizi.