Halake na Kisima cha Watu Kumi na Wawili

Siku ya mwisho kabla nchi haijagawanyika tena, Halake mwana wa Dida, mjukuu wa Godana aliyekichimba kisima cha Arbale, Halake Bega la Mwamba, alisimama chini kabisa kisimani akipokeza ndoo za ngozi, na mkewe Talaso akamwambia kutoka juu kwamba anamwaga maji kama mtoto anayeogeshwa. Watu wakacheka. Ng'ombe wakanywa.

Kabla ya hapo wageni waliotawala walikuwa wamekwisha kupitisha mstari wao katikati ya malisho. Walipoondoka, kaskazini na kusini ziliungana chini ya bendera moja, zikagombana miaka kumi na mitano, zikaachana. Mstari ukarudi palepale, kwenye mdomo wa kisima.

Kisima kile kirefu kilitaka watu kumi na wawili, kila mmoja kwenye ngazi yake ukutani: sita wa kaskazini, sita wa kusini. Godana aliagiza hivyo ili upande mmoja usiweze kunywa peke yake. Sasa askari waliwazuia sita wa kaskazini, na ndoo zikawa zinafika nusu ya njia na kurudi.

Halake alikwenda kwa mkuu wa kusini, akaambiwa kibali cha wale sita kuvuka hutolewa kaskazini. Akaenda kaskazini, akaambiwa hutolewa kusini. Mara ya tatu karani akamuuliza, "Mzee, wewe ni wa huku au wa kule?"

"Ng'ombe wana kiu leo," alisema Halake.

Karani akaandika: hajulikani.

Aliporudi siku ya nne, Talaso alikuwa amefia njiani akitoka dimbwi la mbali, mtungi mgongoni. Baada ya maziko wazee walibishana kama alifia nchi hii au ile. Halake, aliyewahi kumvuta fahali matopeni kwa pembe, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akatamka:

"Babu yangu alikosea. Alidhani watu wanaohitajiana hawawezi kuachana."

Alikuja kuchimba miaka tisa, mtelemko wa ng'ombe kushukia wenyewe majini bila watu kumi na wawili. Mtelemko ule, wenye upana wa ng'ombe wawili, ulifika majini, na siku hiyohiyo udongo ukamfunika asionekane tena. Na waliokuja kumsaidia kutoka pande zote mbili walibaki pale, wakawa sisi, Watu wa Mtelemko, ambao mpaka leo hatujaandikwa upande wowote.

Lakini asubuhi iliyofuata maziko alikuwa peke yake. Alihesabu hatua mia mbili kutoka mdomo wa kisima, akavua shuka, akapiga jembe la kwanza.