Kamusi ya Mama Rudia

Hapo zamani, wala si zamani ya Nuhu na safina yake, bali zamani hii ya juzi ambayo baadhi yenu mliishuhudia, palikuwa na shule ya sekondari katika milima ya Upare, kando ya mashamba ya tangawizi. Na katika shule hiyo palikuwa na mwalimu wa Kiingereza, jina lake Namsifu. Tegeni masikio, kwa maana mwishoni nitawadai jibu.

Mwalimu Namsifu hakumchapa mtu. Fimbo yake ilikuwa neno moja. Insha ikiwa na kosa, hata likiwa moja tu, aliandika chini yake kwa wino wa kijani: Rudia. Wino mwekundu hakuutaka, kwani alisema damu ilikwisha kumwagika mara moja ikatosha. Na ingawa alifundisha Kiingereza, neno hilo aliliandika kwa Kiswahili, asije akatokea mtu akasema hakuelewa. Wala haikutosha kulifuta kosa na kuliandika upya. Uliandika insha nzima, tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Wanafunzi walimwita Mama Rudia, naye alijua, akajifanya hajui.

Kosa moja lilimchoma kuliko yote. Lugha yetu ina "yeye" mmoja: baba ni yeye, mama ni yeye. Kiingereza kina wawili, "he" wa kiume na "she" wa kike, na vijana wa milimani waliwachanganya kama mahindi na maharage katika makande. Kijana akimwandika mama yake kwa "he", Mwalimu alimsimamisha.

"Mwanzo, sura ya kwanza. Mungu aliumba wangapi?"

"Wawili, Mwalimu. Mwanamume na mwanamke."

"Na wewe ni nani hata uwachanganye tena kwa kalamu? Rudia."

Mezani pake palikuwa na kamusi nene, jalada lake limeshonewa kitenge. Mwanafunzi alipolishinda neno lililokuwa likimshinda, Mwalimu aliliandika jina lake pembeni mwa neno hilo, kwa wino ule ule wa kijani. Vijana walikitazama kitabu hicho kama wenye haki wanavyokitazamia kitabu cha uzima. Kila mmoja alitamani jina lake lionekane humo.

Watatu ndio watakaotuhusu.

Wa kwanza ni Mbonea. Aliandika upesi, akakosea upesi. Alirudia mara tano, jina lake likaandikwa pembeni mwa "she".

Wa pili ni Zubeda. Kila aliporudishiwa insha alilia, machozi yakachafua karatasi, akarudishiwa tena kwa ajili ya uchafu. Alirudia mara tisa, jina lake likaandikwa chini ya la Mbonea.

Wa tatu ni Elinihaki. Insha yake ilimhusu mama yake mzazi. Alirudia mara kumi na mbili, na mara ya kumi na mbili mama yake bado alikuwa mwanamume. Siku iliyofuata dawati lake lilikuwa tupu, na daftari lilikuwa juu yake. Hakurudi shuleni kamwe. Mwalimu akaliandika jina lake chini ya yale mawili, lakini kwa penseli, akangoja. Akangoja miaka ishirini.

Miaka ikapita kama kivuli kipitavyo ukutani. Mbonea akawa mkalimani wa mahakama mjini. Zubeda akawa mwalimu kijijini. Elinihaki akawa fundi mwashi. Sasa sikilizeni habari za shamba moja, kwa maana hawa watatu walikutana ndani yake pasipo wenyewe kujua.

Shamba hilo la tangawizi lilikuwa la Nakijwa na mumewe. Juu yake palikuwa na ndiva, yaani bwawa dogo la kukinga maji ya kijito, kama wazee wa Upare walivyojenga tangu kale. Ukuta wa ndiva ulipobomoka, kijiji kilimwita Elinihaki. Akaujenga. Ukatoa jasho la maji penye jiwe moja. Akaubomoa.

"Fundi, huo ni umande tu," mwenyekiti wa kijiji akamwambia. "Acha."

"Nitarudia, mzee wangu."

Akaujenga. Ukatoa jasho upande wa pili. Akaubomoa. Wanawake waliokuwa wakibeba mawe wakatua mizigo, wakamcheka.

"Fundi Rudia! Huu ni ukuta wa ndiva au wa Yeriko? Kila ukisimama, unaangushwa!"

"Wa Yeriko uliangushwa na baragumu, dada zangu. Huu nataka hata gharika isiuangushe. Haya, leteni mawe."

"Mgongo wangu ukikatika, utaurudia nao?"

Mara ya nne ukuta ukasimama mkavu. Masika ya mwaka ule yalikuja kwa ghadhabu. Ndiva tatu za ng'ambo zilipasuka, zikabeba migomba, mbuzi na jiko zima la mtu, sufuria likiwa bado na uji. Ndiva ya Elinihaki ikajaa hadi ukingoni, ikatulia. Shamba la Nakijwa halikupoteza hata shina moja.

Lakini shamba lililookolewa mikononi mwa maji lilikuwa bado halijaokolewa mikononi mwa watu. Mwaka uliofuata mume wa Nakijwa alifariki. Kabla hajafariki alikuwa ameandikisha wosia kwa wakili mjini, nao uliandikwa kwa Kiingereza. Arobaini ilipokwisha, shemeji yake Nakijwa, aitwaye Senkondo, akasema shamba ni lake, na shauri likapelekwa mbele ya baraza la kata. Hakuna hata mjumbe mmoja aliyekisoma Kiingereza, hivyo aliitwa mkalimani kutoka mjini. Naye alikuwa Mbonea.

Ngojeni, kuna jambo nimelipita. Katika miaka hiyo Zubeda alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima alasiri, na Nakijwa, mwenye miaka arobaini na saba, alikuwa akiketi benchi la mbele. Zubeda naye aliandika Rudia. Lakini alifanya jambo ambalo mwalimu wake hakulifanya hata siku moja: alivuta kiti, akaketi kando ya mwanafunzi, wakarudia pamoja.

"Dada Nakijwa, mimi na wewe sote ni 'she'. Shemeji yako ni 'he'."

"Makubwa! Wazungu hawa, hata yeye wamemgawa?"

"Wamemgawa. Tazama: huyu mwenye 's' mbele ndiye mwanamke. Mwanamke ndiye anayempakata mtoto mbele, sivyo? Haya, turudie."

Siku ya baraza ikafika. Mbonea alikuwa na mashauri mengine ya kuwahi mjini, naye akatafsiri kama alivyoandika ujanani, upesi. Akasoma: "Mke wangu na ndugu yangu watakaa katika nyumba moja, ila yeye peke yake ndiye atakayelishika shamba la tangawizi."

Senkondo akaruka. "Mmesikia! Aliyetajwa mwisho ni ndugu yake. Yeye ni mimi!"

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti akaishika kalamu. Ndipo Nakijwa akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuuliza swali moja. Huyo yeye, katika karatasi hiyo, ana 's' mbele au hana?"

Baraza likaangua kicheko.

"Shemeji," Senkondo akasema, "tangu lini umekuwa Mwingereza?"

Mbonea akaitazama karatasi, na jasho likamtoka. 's' ilikuwapo. Humo barazani hamkuwa na mtu wa kumuumbua. Angesema "hana", angerudi mjini na heshima yake nzima, na mjane angerudi nyumbani bila shamba. Ndugu zangu, neno la Bwana lilimjia Yona mara ya pili, na heri mtu ambaye mara ya pili hatoroki. Mbonea akasimama, akainamisha kichwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kurudia. Nimekosea. Imeandikwa: mke wangu peke yake."

Kicheko kikakatika. Shamba likabaki kwa Nakijwa. Lakini kosa la Mbonea liliandikwa katika kumbukumbu za baraza, likafika mjini, akasimamishwa ukalimani kwa muda wa miezi mitatu.

Ikawa Mwalimu Namsifu alipostaafu, na macho yake yakiwa yamefifia, akaamua kwenda kuishi kwa binti yake huko Korogwe. Siku moja kabla ya safari aliwaita wanafunzi wake wa kale. Walikuja wengi asubuhi, wakamwimbia, wakalia, wakaondoka. Adhuhuri walibaki Mbonea na Zubeda, pamoja na Nakijwa, aliyekuja na kikapu cha tangawizi kumshukuru mwalimu wa mwalimu wake. Na mlangoni, kofia mkononi, alisimama Elinihaki, ambaye Nakijwa alikuwa amemburuta kutoka kazini, viatu vyake vikiwa bado na udongo.

Nakijwa akapika chai kwa tangawizi ya shamba lile, na walipokuwa wakinywa, yakasimuliwa yote niliyowasimulia. Mwalimu akaweka mkono juu ya kamusi.

"Herufi ndogo zimenikimbia," akasema. "Kamusi hii haiendi nami Korogwe. Nampa yule aliyelibeba neno langu mbali kuliko wenzake. Semeni. Na msijifanye wanyenyekevu. Unyenyekevu wa uongo nao ni uongo."

Mbonea akaanza. "Mwalimu, neno lako liliniondolea heshima yangu, nami nikalitii. Kurudia insha darasani ni rahisi, kila mtu anarudia. Mimi nilirudia mbele ya baraza zima, wala hakuna aliyenilazimisha. Kamusi ni yangu."

"Kaka Mbonea," Zubeda akasema, "umesahau kwamba shimo ulilomtoa mjane ulilichimba wewe?"

"Nimesahau nini, nawe umenikumbusha mara tatu tangu asubuhi!"

Wakacheka. Zubeda akaendelea. "Mwalimu, Mbonea alijibu swali, lakini nani alimfundisha Dada Nakijwa kuuliza? Kwetu tunafundishwa kwamba hata Mtume aliambiwa 'Soma' mara tatu. Ninyi wawili mlilitumia neno. Mimi nalipanda kila siku katika watoto na watu wazima. Kamusi ikija kwangu, itafunguliwa kila asubuhi."

"Lakini hulipandi kama nilivyokupa," Mwalimu akasema. "Unaketi nao. Unawashika mkono. Mimi niliwaacha mpambane wenyewe."

"Ndiyo, Mwalimu. Nilirudia somo lako, nikasahihisha kosa moja."

Mama Rudia akacheka, kicheko ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukisikia.

"Na wewe uliyesimama mlangoni? Ingia. Sema."

Elinihaki akaingia hatua moja. "Shikamoo, Mwalimu. Mimi sina la kudai. Kiingereza kilinishinda. Neno moja tu niliondoka nalo, nalo ni la Kiswahili."

"Sema, nimekwambia. Miaka ishirini nimejiuliza kama nilikufukuza."

"Hukunifukuza, Mwalimu. Nilikimbia." Akaizungusha kofia mkononi. "Basi, nikilazimika kusema, nitasema hivi. Wenzangu walibishania shamba. Lakini lingekuwapo shamba gani la kubishania, kama ukuta ule ningeuacha mara ya tatu? Kila jiwe nililoling'oa niliisikia sauti yako. Niliichukia. Nikaling'oa."

"Nawe kamusi utaifanyia nini, fundi?" Mbonea akauliza, si kwa dharau. "Huisomi."

"Ni kweli. Siisomi."

Mwalimu akamgeukia Nakijwa. "Mama, shamba ni lako. Amua."

"Nisamehe, Mwalimu," Nakijwa akasema, akiweka birika chini. "Nikilima nasikia maji yametulia juu yangu, namshukuru fundi. Nikipita mbele ya baraza, namshukuru mkalimani. Nikiandika jina langu, namshukuru mwalimu wangu. Usinitume nikawapange kwa mstari."

Mwalimu Namsifu akapumua kwa furaha. "Suleimani aliletewa mama wawili na mtoto mmoja, naye akamtambua mwongo. Mimi nina watoto watatu na kitabu kimoja, wala simwoni mwongo."

Akaifungua kamusi, akaitoa kalamu ya kijani. "Elinihaki, njoo unionyeshe. Kuna jina hapa kwa penseli, macho yangu hayalioni."

Fundi akainama. Jina lake mwenyewe alilijua. Akaweka kidole chenye udongo chini yake, na Mwalimu akaifuata penseli kwa wino, herufi kwa herufi. Herufi moja ikatoka nje ya mstari. Wote wakaiona, na hakuna aliyethubutu kulitamka lile neno, mpaka Mwalimu mwenyewe alipolitamka, akaliandika jina upya.

Sasa majina matatu yakawa ya kijani, moja chini ya jingine, pembeni mwa neno lile lile. Chai ikaisha. Basi la Korogwe huondoka saa kumi na mbili asubuhi, na kamusi iko mezani, jalada lake la kitenge limefungwa, ikingoja mkono mmoja.

Enyi mlioketi hapa, mimi kazi yangu nimeimaliza, na mkijibu kwa pupa nitawarudisha mwanzo. Yupo aliyelitii neno likamwaibisha. Yupo aliyelirekebisha neno akaligawa kwa wengi. Yupo aliyelikimbia neno, nalo likamfuata hadi ukutani. Je, kati ya Mbonea, Zubeda na Elinihaki, ni nani aliyestahili kuondoka na kamusi ya Mama Rudia?